Uipan na Nguzo ya Ndugu Yake

Mume wangu Uipan alikuwa na wivu tangu alipojua kutambaa. Si mimi niliyesema hivyo kwanza, ni mama yake mzazi. Siku niliyoingia nyumbani kwake kama mkwe alinikabidhi jiwe la kusagia mahindi, akanikabidhi na mwanawe, akaniambia nikitaka kuishi naye kwa amani nimpakulie kabla hajaona sahani ya mwenzake. Mwenzake alikuwa Lontop, mdogo wake wa kumfuata.

Nilidhani mama mkwe anatania. Halafu nikaona mambo ya mbwa. Lontop alikuwa na mbwa asiye na manyoya, wale wa ngozi tupu, wenye joto, ambao watu hulala nao miguuni majira ya ukungu. Mbwa wetu sisi alikuwa na manyoya kama mbwa. Uipan akawa anampaka majivu na mafuta ya samaki kila siku, akitumaini atanyonyoka abaki mtupu kama yule wa mdogo wake. Mnyama alivumilia, alivumilia, mwisho akahama nyumba. Alihamia kwa Lontop.

Mwaka mwingine Lontop akashikwa na homa kali, na wakweze wakamletea mganga kutoka ng'ambo ya mlima, mwenye kofia ya ngozi ya mbweha na mifuko mingi ya dawa. Nikamkuta Uipan amekaa nyuma ya nyumba, amenuna. Nikakaa karibu yake, nikamuuliza kama anaogopa mdogo wake atakufa. Akaniambia, "Mimi nilipougua, niliitiwa bibi wa jirani."

Msimdhanie mtu mbaya. Mgongo wangu ulipokuwa unauma alinibebea udongo kutoka mtoni bila kuambiwa. Alimpenda binti yetu Efio kuliko macho yake. Karanga alikuwa anazikaanga yeye mwenyewe, kwa kuwa mimi naziunguza, na alinipa za juu ambazo hazijaungua. Ila wivu ndio uliomwamsha asubuhi, na wivu ndio uliomchosha jioni. Ukiuondoa wivu, sijui kama angetoka kitandani.

Na Lontop ndiye mtu anayefaa kuonewa wivu kupita wote, maana hakuwa na habari nao. Alikuwa mtu wa kucheka. Alioa Molup, kijiji cha ng'ambo ya mfereji, akahamia kwa wakweze kwa sababu mkewe, Nikeni, hakutaka kumwacha mama yake peke yake. Haukupita muda wakamfanya kiongozi wa mafundi wao wa matofali. Huku kwetu Nyepen hakuna aliyeitaka kazi hiyo. Uipan alikwenda kwa wazee akaiomba, akaiomba tena, mpaka wakampa ili wapumzike.

Sasa, Nyumba ya Mkuu anayetutawala, kile kilima cha matofali chenye ngazi kubwa kubwa, inajengwa hivi. Kila kijiji kinachokunywa maji ya Mkuu kinaleta matofali yake na mafundi wake, kinapewa kipande chake cha kuinua kutoka chini hadi juu, ndiyo nguzo yake. Nguzo ya kijiji hiki inasimama bega kwa bega na nguzo ya kijiji kile, wala hazifungamani. Kila tofali linatiwa alama likiwa bado bichi kwenye kalibu, ili mnyapara ajue nani kaleta na nani kalala. Alama yetu Nyepen ni matundu mawili ya kidole. Ya Molup ni mwezi mchanga, unachorwa kwa ukucha. Ukuta ukishakamilika unapigwa lipu, unachorwa zile sura za meno nje kwa rangi nyekundu na njano, na hapo hakuna jicho linaloweza kusema hapa ni kwetu na pale ni kwao. Mnyapara wa Nyumba, Piskoya, ndiye aliyegawa vipande. Akatuweka sisi na Molup ubavu kwa ubavu, na sijui kama alifanya makusudi.

Jambo lenyewe lilikuwa kwamba Mkuu akifa hulazwa humo humo ndani ya Nyumba, juu, upande unaotazama mlima, katika chumba kinachochimbwa kwenye matofali. Nguzo itakayochimbwa, kiongozi wake ndiye humlinda. Anavikwa joho la manyoya ya ndege na kofia ya shaba, anapewa ngao, anakatwa miguu kwenye vifundo ili asije akaacha lindo, kisha analazwa juu ya dari ya chumba na kufunikwa. Kijiji chake ndicho hufunguliwa maji kwanza wakati wa kupanda, mwaka hata mwaka, madhali Nyumba imesimama. Viongozi wote wa nguzo husema hadharani kwamba wanautamani ulinzi huo. Wakirudi nyumbani humwaga pombe chini wakiomba Mkuu aishi sana.

Makuhani walishaonyesha mahali tangu msingi. Chumba kingeangukia katikati ya nguzo ya Molup.

Mkuu wa wakati ule alikuwa mzima, mnene, mwenye sauti, na Lontop alilichukulia jambo lile kama mzaha. Alisema Mkuu atawazika wote na bado ataomba chakula. Watu wa nguzo zote walicheka isipokuwa mmoja. Siku hiyo Uipan alifika nyumbani na uso wake ule ninaoujua, akanawa mikono muda mrefu, akasema, "Hata kufa, yeye atakufa vizuri."

Nikamjibu kwamba kufa vizuri ni kufa ukiwa na miguu yako. Hakunisikia.

Ndipo alipoanza. Kila kozi ya matofali aliyoipanga aliisogeza upande wa Molup upana wa kidole. Kidole tu. Ukisimama chini huoni kitu. Mimi niliona kwa sababu nilikuwa napanda na mtungi wa pombe ya mafundi, na mtu anayepanda na mtungi kichwani hutazama mahali pa kuweka mguu. Nguzo yetu ilikuwa inapanuka na ya wenzetu inakonda. Mafundi wa Molup nao wakaona. Kila asubuhi wanapanda kazini, nafasi waliyoiacha jana imepungua. Wakamwendea Lontop kwa hasira, wengine wakitaka kuitwe mnyapara. Lontop akawaambia, "Ni kaka yangu. Ana kifua kipana, mwacheni apumue."

Maneno hayo yalimfikia Uipan mchana ule ule, na yalimuuma kuliko matusi. Alitaka ndugu yake aje juu na jembe mkononi, wagombane mbele ya vijiji vyote, ijulikane kwamba Uipan naye ana kitu cha kugombewa. Asubuhi akiwa anafunga kamba za viatu akaniambia kwamba Lontop anamnyima hata ugomvi.

Basi akaendelea kusogeza. Kufikia juu kabisa, nguzo ya Nyepen ilikuwa imeilalia ya Molup kama mlevi aliyemwegemea mwenzake, na pale pale walipopaonyesha makuhani palikuwa pamejaa matofali ya matundu mawili. Kisha lipu ikapigwa. Wachoraji wakaja na rangi zao, na mambo yote yakafunikwa. Uipan alikuwa na furaha mwaka ule kuliko mwaka wowote niliomjua. Nilimkuta mara nyingi anatazama ukuta na kutabasamu peke yake. Sikumuuliza, maana mtu akipata furaha ya namna yake nyumbani kunakuwa shwari, na mimi nilikuwa naipenda shwari hiyo.

Mkuu alikufa majira ukungu unapoondoka. Alianguka akiwa kwenye karamu, hakuamka. Baragumu za kombe zililia kuanzia pwani hadi juu mtoni, na kabla hazijanyamaza Piskoya alikuwa ameshafika Molup na watu wake na lile joho. Wakamvika Lontop mbele ya nyumba yake. Nilisikia kilio cha Nikeni kikivuka mfereji, nikaacha maharage jikoni nikakimbia kwenda kumshika. Alikuwa amekaa chini, amekumbatia kiatu kimoja cha mumewe. Lontop hakucheka tena. Alikuwa amesimama ndani ya manyoya yale ya bluu kama mtu aliyevalishwa nguo za marehemu.

Niliporudi nilimkuta Uipan ameketi mbele ya bakuli, hajala. Nikaona nimpe pole, ni ndugu yake wa tumbo moja.

"Pole, baba Efio."

"Manyoya ya bluu," akasema. "Wamemvika ya bluu. Hayo yanatoka milimani, mama Efio, ng'ambo kabisa."

"Wanakwenda kumzika, Uipan."

"Najua wanakompeleka. Pale ni kwangu."

Mwanzoni sikuelewa. Halafu nikaelewa. Nikakaa. Nikamuuliza nani mwingine anajua kuhusu yale matofali chini ya lipu. Akasema mafundi wa Molup wanajua walisogezwa, ila hakuna anayejua ni kwa kiasi gani. Anayejua ni yeye.

"Basi jua ukiwa umenyamaza," nikamwambia. "Hujaulizwa. Hakuna aliyekuuliza."

"Apate na hili pia? Alipata mganga, alipata mbwa, alipata mke anayelia mpaka ng'ambo. Sasa alale na Mkuu juu ya matofali niliyoyafyatua mimi?"

"Watakukata miguu."

Akaitazama miguu yake, mipana, yenye nyufa za udongo usiotoka. "Wakikata ya Lontop, watu wataisifu," akasema. "Watasema haijapata kuonekana miguu kama ile."

Ningecheka kama lingekuwa jambo la kuchekwa. Nilimshika mkono nikamwambia kila nililojua. Nilimwambia kuhusu Efio, ambaye bado hajaolewa. Nilimwambia kwamba mimi sitaki maji ya kwanza, nataka ya mwisho, na yeye akiwa shambani ananisaidia kuyaongoza. Nasema wazi kwamba nilitaka Lontop afe na mume wangu abaki, na mwanamke atakayenilaumu aje kwanza ashike mtungi wangu. Uipan alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo. Kisha akaniambia taratibu, bila hasira yoyote, "Faleni, maisha yangu yote nimemtazama yeye. Nataka mara moja tu anitazame mimi kwa jicho ninalomtazamia."

Palipokucha akatangulia, nikamfuata. Kule juu wachimbaji walikuwa ndiyo kwanza wanabandua lipu kwenye uso mmoja wa meno nje. Lontop alikuwa amekalishwa pembeni kwenye mkeka, amepakwa rangi nyekundu usoni, na Nikeni na watu wa Molup wamezuiwa ngazi moja chini yake. Piskoya alikuwa anatafuna majani yake ya koka, amechoka, anataka kazi iishe. Uipan akamwendea moja kwa moja akamwambia mlinzi aliyechukuliwa siye, kwa sababu mahali pale ni pa Nyepen.

Piskoya akamuuliza kama ameamka na pombe. Uipan akamwambia ang'oe tofali atazame. Wakang'oa moja, lina matundu mawili. Wakang'oa la pili na la tatu, yale yale. Wachimbaji wakaingia ndani zaidi, wakatupa matofali nje, na kila lililogeuzwa lilikuwa na alama yetu, mpaka chini kabisa ndipo ukaonekana mwezi mchanga wa kwanza. Mimi nilikuwa naomba moyoni tofali lolote, hata moja, liwe la kwao.

"Kwa hiyo umekuja mwenyewe," Piskoya akasema. "Kwa akili zako."

"Mahali ni pangu," Uipan akajibu. "Na mkubwa ni mimi."

Mnyapara akaguna, akatema majani, akawaambia watu wake wabadilishe joho. Ilikuwa hivyo tu. Alibadilisha mtu na mtu kama mimi ninavyobadilisha mtungi uliovuja, wala hakutazama nyuso zao. Alichotaka yeye ni awepo mlinzi mmoja mwenye miguu miwili ya kukatwa, kabla jua halijapanda.

Walimvua Lontop joho. Uipan alisimama wima akivikwa, amenyoosha shingo, akimtazama mdogo wake usoni. Alikuwa anasubiri. Mimi peke yangu katika umati ule nilijua anasubiri nini. Lontop akajitupa shingoni kwake, akalia mpaka rangi nyekundu ikampaka kaka yake mashavu yote mawili.

"Kaka," akasema, "ulijua tangu mwanzo. Kozi kwa kozi ulikuwa unanitoa pale. Na mimi nikadhani unaninyang'anya."

Hapo watu wote wakalia. Wanawake wa Molup wakapanda ile ngazi waliyozuiwa wakaja kumgusa miguu. Mafundi waliotaka kumshitaki walipiga magoti. Nikeni alimbusu mikono yote miwili. Uipan akanitazama juu ya bega la ndugu yake, na ulikuwa uso ule ule wa mtu aliyepakuliwa kidogo. Angewaambia nini? Kwamba hakumpenda? Naye alimpenda pia, kwa namna yake ya kuhesabiana. Wala mimi sijui kuyatenganisha hayo mawili, niliishi nayo yakiwa yamechanganyika.

Waliniruhusu nimpelekee chakula mara moja. Nilimpikia maharage na samaki, nikaweka pilipili nyingi kama anavyopenda. Alikuwa amekalishwa kwenye kibanda cha matete nyuma ya ngazi, na kofia ya shaba ilikuwa kubwa kwake, inamshukia kwenye nyusi. Hakugusa bakuli. Alingoja mlinzi wa mlangoni ageuke, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama Efio, Lontop je? Ameona wivu?"

Lontop nilikuwa nimemwacha nyumbani kwake muda si mrefu. Nikeni alikuwa amemlalisha kichwa mapajani, anamfuta rangi kwa pamba na maji ya uvuguvugu, na harufu ya mahindi ya kuchoma ilikuwa imejaa nyumba nzima. Alikuwa amekula. Alikuwa ameanza hata kucheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayejishika kuona kama bado yupo.

"Hali chakula," nikamwambia Uipan. "Amegeukia ukutani. Nikeni anasema anarudia jambo moja tu, kwamba kila kitu kizuri unapewa wewe."

"Alisema hivyo?"

"Kila kitu kizuri."

"Na joho?"

"Joho ndilo linamuua zaidi."

Akavuta bakuli. Alikula yote, akafuta ukingo kwa kidole, akasema pilipili ingeongezwa kidogo. Sijapata kumwona ametulia vile, hata siku ya ndoa yetu. Nilitoka nikiwa nimeinamisha uso ili mlangoni wasinione, na yaliyofuata sikuyatazama.

Tangu hapo Nyepen tunafunguliwa maji kwanza. Hakuna nyumba isiyo na mtoto anayeitwa Uipan, huku na Molup pia, na ndugu wakigombana mama zao huwaambia waone haya, wamkumbuke aliyeingia kaburini kwa ajili ya mdogo wake. Wananiita mama, hata wazee. Kwenye sherehe naketishwa mbele, na waimbaji wanaimba jinsi alivyosogeza matofali kwa mapenzi, kidole kwa kidole, naye hakumwambia mtu. Ninawasikiliza. Sijawasahihisha hata siku moja, kwa sababu sifa hiyo ndicho kitu pekee alichopata mume wangu ambacho hakuna mtu amepewa kikubwa kuliko chake.

Kila msimu wa kupanda, Nikeni huja kunishukuru na mtungi wa pombe. Haubebi yeye, anaubeba Lontop, mvi zimemjaa, anatembea polepole kwa sababu ya tumbo alilootesha. Wanakaa kivulini, wananiuliza habari za Efio na wajukuu, Nikeni anamtoa mumewe makapi ya mahindi kwenye ndevu huku anaongea, bila hata kutazama anachofanya. Napokea pombe, nashukuru, nawasindikiza hadi mferejini. Kisha nasimama pale nikiwatazama wanavyorudi kwao wawili, hatua kwa hatua, na namwonea Nikeni wivu mpaka meno yananiuma.